Malipo ya Dirishani: Jinsi Japani Ilivyojifunza Kuwatibu na Kuwapima Wazee Wake

Mwezi Aprili 1961 Japani ilikamilisha mpango wa kumpa kila mwananchi bima ya afya. Walioajiriwa walikuwa tayari na bima za kazini. Wakulima, wachuuzi na wazee wengi waliingizwa katika Bima ya Afya ya Taifa, ambayo halmashauri za miji na vijiji ndizo zilizoiendesha. Hata hivyo, kuwa na bima hakukuwa sawa na kutibiwa bure. Mwanachama wa bima hiyo alipokwenda kumwona daktari alijilipia nusu ya gharama, na bima ililipa nusu iliyobaki. Kwa kijana mwenye shamba, hilo lilikuwa jambo la kubana matumizi. Kwa mzee asiye na kipato, anayeishi kwa mwanawe na mkwewe, lilikuwa jambo la kuomba. Wengi waliona haya kuomba, wakanyamaza na maumivu yao.

Mvutano huu ulianza hata kabla ya mwaka huo. Sheria ya bima iliyopitishwa mwaka 1958 ilimtaka mgonjwa alipe sehemu yake papo hapo, dirishani, kabla hajaondoka hospitalini. Katika kijiji cha Yachiho, mkoani Nagano, watu waliipinga, kwa hoja kwamba mkulima hana fedha taslimu kila siku na kwamba dirisha hilo litawafukuza wagonjwa. Sheria haikubadilika. Ndipo kijiji kikashauriana na Wakatsuki Toshikazu, daktari mpasuaji aliyekuwa amehamia Hospitali ya Saku mwaka 1945, na kwa pamoja wakaligeuza swali: ikiwa ugonjwa lazima ulipiwe, basi na upunguzwe kabla haujafika hospitalini. Mwaka 1959 wakaanza kuwapima wanakijiji mara moja kwa mwaka, na kila mmoja akapewa kijitabu cha kuandikiwa hali ya afya yake.

Wakatsuki alikuwa ameona kitu ambacho madaktari wa mijini hawakukiona kwa urahisi. Alisema magonjwa yaliyojificha vijijini ni ya aina mbili: yale ambayo mtu anayajua lakini anayavumilia, na yale ambayo hajui kabisa kwamba anayo. Aina ya kwanza dawa yake ni fedha na ruhusa ya kwenda kwa daktari. Ya pili huwezi kuitibu kwa bima hata kama ni ya bure, maana mwenyewe hatakuja. Shinikizo la damu lilikuwa la aina hii ya pili, na wakulima wengi waliugua kiharusi bila kuwahi kupimwa. Kwa hiyo madaktari na wauguzi wake walitoka hospitalini, wakaenda vijijini kupima, na hata wakaigiza michezo ya jukwaani ili kufundisha kuhusu chakula na usafi.

Kaskazini zaidi, katika mkoa wa Iwate, kijiji cha Sawauchi kilianzia upande wa pili. Kilikuwa kijiji maskini, kinachofunikwa na theluji nyingi kila majira ya baridi, na barabara zilipozibwa mgonjwa hakuwa na njia ya kumfikia daktari. Fukasawa Masao, aliyechaguliwa kuwa mkuu wa kijiji mwaka 1957, alinunua tingatinga la kusafishia theluji, akaajiri wauguzi wa afya ya jamii wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kisha mwezi Desemba 1960 akaamua kwamba wenye umri wa miaka 65 na zaidi watibiwe bila malipo. Mwaka uliofuata alishusha umri huo hadi miaka 60 na kuwaongeza watoto wachanga. Viongozi wa mkoa walimwonya kwamba anavunja sheria ya bima. Yeye alijibu kwamba huenda ni kweli, ila hakuwa anavunja katiba, ambayo ibara yake ya 25 inampa kila raia haki ya kuishi maisha yenye staha.

Mwaka 1962 hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyefariki Sawauchi, na jina la kijiji hicho likavuma nchi nzima. Lakini kuna maelezo mawili ya mafanikio hayo. Wapo waliosema siri ni kufutwa kwa malipo. Wengine wakasema ni wauguzi na tingatinga. Nionavyo mimi, hawa wa pili wana hoja nzito zaidi, kwa sababu matibabu ya bure hayamfikii mtu aliyezingirwa na theluji wala asiyejua kuwa anaumwa. Bahati mbaya, taifa lilipoiga lilichukua kwanza sehemu iliyo rahisi kuandika katika sheria.

Mwaka 1963 Sheria ya Ustawi wa Wazee iliagiza wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapimwe afya kila mwaka. Waliojitokeza walikuwa wachache, na sababu si ya kutafuta mbali: kuna faida gani kuambiwa una ugonjwa wa moyo ikiwa dawa zake huwezi kuzilipia? Upimaji bila matibabu uliwaacha wazee na wasiwasi mpya tu. Hoja hii iliupa nguvu wito wa kufuta malipo. Tokyo, chini ya gavana Minobe Ryokichi, iliyafuta kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwaka 1969, mikoa mingine ikafuata, na Januari 1973 serikali ya Tanaka Kakuei ikayafuta nchi nzima. Mwaka huo uliitwa mwaka wa kwanza wa enzi ya ustawi. Ilipofika Oktoba bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla, na uchumi uliotarajiwa kuubeba ustawi huo ukayumba.

Wazee sasa walijaa kwenye zahanati na hospitali. Ukazuka mzaha uliosimuliwa kila mahali: wazee wamekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mmoja anauliza mbona fulani leo haonekani, anajibiwa kwamba huenda anaumwa. Gharama za kuwatibu ziliongezeka mara kadhaa ndani ya miaka kumi. Je, kosa lilikuwa la wazee waliopenda cha bure? Wizara ya fedha ilielekea kuamini hivyo. Lakini yapo mambo mawili ambayo maelezo hayo huyasahau. Kwanza, madaktari walilipwa kwa kila kipimo na kila dawa, hivyo mgonjwa asiyelipa chochote hakuwa na sababu ya kukataa, na daktari alikuwa na sababu ya kuongeza. Pili, makao ya kulelea wazee yalikuwa haba, kwa hiyo aliyekosa mtu wa kumwangalia nyumbani alilazwa, akakaa miezi, wakati mwingine miaka.

Sheria ya mwaka 1982, iliyoanza kutumika Februari 1983, ilijaribu kuunganisha kamba mbili zilizokuwa zimeachana. Upande mmoja ilirudisha malipo, ingawa madogo sana: yeni 400 kwa mwezi kwa mgonjwa wa nje, na yeni 300 kwa siku kwa aliyelazwa. Upande mwingine ilizitaka halmashauri zote zitoe kijitabu cha afya na kuwapima wananchi kuanzia umri wa miaka 40, pamoja na uchunguzi wa saratani ya tumbo na ya mlango wa kizazi. Huu wa pili ndio uliokuwa mgeuko mkubwa, kwa kuwa kiharusi cha mzee wa miaka 75 huanza na shinikizo la damu la mtu wa miaka 45. Mfano wa Yachiho ulikuwa umefika katika kila wilaya.

Nagano yenyewe ilikuja kuwa hoja kuu ya wapenda kinga. Wanaume wa mkoa huo waliongoza nchi kwa umri wa kuishi mwaka 1990, na wanawake wao mwaka 2010, huku gharama za kumtibu mzee mmoja zikiwa miongoni mwa ndogo nchini. Hata hapa inafaa kwenda polepole. Nagano ina wazee wengi wanaoendelea kulima, watu wake walihimizwa kwa miongo mingi wapunguze chumvi, na vitanda vyake vya hospitali si vingi, hivyo wagonjwa hawalazwi kwa muda mrefu. Kipimo cha mara moja kwa mwaka hakiwezi kujitwalia sifa zote hizo.

Mashaka hayo yaliongezeka baada ya mwaka 2008. Mwaka huo bima zote ziliwajibika kuwapima wenye umri kati ya miaka 40 na 74, mkazo ukiwa unene wa kiuno: sentimita 85 kwa wanaume na 90 kwa wanawake. Wenye umri wa miaka 75 na zaidi walitengewa bima yao peke yao, na wengi walikasirika, si kwa sababu ya makato tu bali pia kwa jina la mpango huo, lililowaita wazee wa awamu ya mwisho. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba walioshauriwa kuhusu kiuno walipungua uzito kidogo, lakini hatari zao za moyo na mishipa hazikubadilika sana.

Tangu Aprili 2020 wenye umri wa miaka 75 na zaidi wanapokwenda kupimwa huulizwa maswali 15, na hakuna hata moja linalohusu kiuno. Huulizwa kama wanakula milo mitatu, kama wanatafuna kwa shida, kama mwendo wao umepungua, kama wameanguka, kama wanatoka nje walau mara moja kwa wiki, na kama wana mtu wa karibu wa kumweleza shida zao. Kuhusu malipo, wengi wao hulipa asilimia 10 ya gharama, na tangu Oktoba 2022 wenye kipato cha kadiri wanalipa asilimia 20.