Studio ya Ealing na Filamu Zake za Kenya

Kiwanja cha Ealing, magharibi ya London, kilianza kutumiwa kwa kazi ya filamu mwaka 1902, Will Barker alipokinunua. Majumba ya kupigia filamu zenye sauti yalijengwa mwaka 1931 chini ya Basil Dean. Lakini sifa ya studio hiyo ilitokana hasa na Michael Balcon, aliyeshika uongozi mwaka 1938.

Hulka ya Ealing ilijidhihirisha katika vichekesho vya mwaka 1949. Katika Passport to Pimlico, wakazi wa mtaa mmoja wa London wanagundua kwamba kisheria wao ni raia wa Burgundy, nao wanazitupa kanuni za mgawo wa bidhaa. Katika Whisky Galore!, iliyopigwa kisiwani Barra, Uskoti, wanakisiwa wanaficha wiski waliyoitwaa katika meli iliyokwama. Kisheria huo ni wizi, lakini mtazamaji hana budi kuwa upande wao.

Hebu sasa tuitazame West of Zanzibar ya mwaka 1954. Mwongozaji wake, Harry Watt, alikuwa amekwisha kupiga huku Kenya Where No Vultures Fly (1951), kisa cha bwana nyama anayeanzisha mbuga ya taifa, kilichotokana na kazi ya Mervyn Cowie. Katika filamu hii ya pili, kabila linaloitwa Galana linaihama ardhi iliyoliwa na mmomonyoko, linasogea karibu na Mombasa, na baadhi ya watu wake wanavutwa katika magendo ya pembe za ndovu. Hapa pia pana wanyonge, pana sheria, pana mali ya kufichwa. Ila safari hii mtazamaji anatakiwa amfuate bwana nyama, Mzungu, anayekwenda kuwaokoa watu hao na tamaa zao wenyewe. Mtu aweza kujibu kwamba ndovu si chupa ya wiski, na jibu hilo lina uzito. Lakini suala la ardhi iliyotwaliwa, lililokuwa kiini cha vita vilivyoleta Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, halikupata nafasi katika kisa hicho. Hata wahusika Waafrika walio mashuhuri zaidi walichezwa na Orlando Martins, Mnigeria, na Edric Connor, mzaliwa wa Trinidad.

Mwaka 1955 majumba ya Ealing yaliuzwa kwa BBC. Balcon aliacha hapo kibao cha kumbukumbu, kisemacho kwamba filamu zilizotengenezwa mahali hapo zilionyesha Uingereza na tabia ya Waingereza.