Kitochi na mulika mwizi: Simu ndogo isiyoachwa Kenya na Tanzania

Nchini Tanzania huitwa kitochi. Nchini Kenya hujulikana kwa jina la mulika mwizi. Ni simu ndogo ya vitufe, yenye tochi kichwani, ambayo wengi hawaiachi hata baada ya kununua simujanja. Makala hii inaeleza asili yake, kazi zake, na kile hasa kinachomfunga mtu nayo.

Asili yake

Majina yote mawili yametokana na tochi. Miongoni mwa simu zilizoueneza mtindo huo ni Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003. Kioo chake hakikuwa na rangi, na vitufe vyake vilifunikwa ili vumbi lisipenye. Simu hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Baadaye kampuni nyingine, zikiwemo Tecno na Itel za China, zilileta simu za aina hiyo kwa bei nafuu, nyingi zikiwa na redio na nafasi ya laini mbili.

Kazi zake

Pasipo na umeme nyumbani, mwenye simu huipeleka kwenye kibanda cha kuchaji na kulipia. Betri inayodumu siku kadhaa humpunguzia gharama na mwendo. Usiku, tochi humwongoza njiani au zizini. Asiye na salio naye hubipu: hupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, na mwenzake huelewa kwamba anatafutwa.

Fedha mkononi

Uhusiano huo ulizidi kuwa mzito pale simu ilipogeuka kuwa mkoba wa fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Haihitaji intaneti: mteja hubonyeza *334# Kenya, au *150*00# Tanzania, kisha hufuata maelekezo. Kwa hiyo kitochi hutuma ada ya shule na kupokea malipo ya mazao sawasawa na simu ya bei kubwa.

Simu zilipozimwa

Uzito huo ulidhihirika serikali zilipoingilia kati. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Kenya ilianza kuzima simu bandia. Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016. Simu hutambuliwa kwa namba yake maalumu ya tarakimu 15, ambayo huonekana mtu akibonyeza *#06#. Aliyezimiwa simu alipoteza kifaa, lakini aliweza kuihamishia laini yake kwenye simu nyingine halali na kuendelea kutumia namba ileile.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa kinyume. Tanzania ilitaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mwisho wa usajili ukawa tarehe 20 Januari. Watu walipanga foleni ndefu katika ofisi za vitambulisho, kwa kuwa safari hii kilichokuwa hatarini si simu bali laini yenyewe. Laini ikifungwa, simu nzima iliyo mkononi haimsaidii mtu kupigiwa na jamaa wala kufikia akiba yake.

La kuzingatia

Kifaa na namba, basi, ni vitu viwili. Fedha za M-Pesa hazimo ndani ya simu. Zimo katika akaunti iliyofungamanishwa na namba. Simu ikiibwa au kuanguka majini, mwenyewe aijulishe kampuni yake mara moja ili laini ifungwe, kisha aende na kitambulisho apewe laini mpya yenye namba ileile. Salio lake litakuwa palepale, mradi namba ya siri haikuandikwa nyuma ya betri wala kutajwa kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni.