Deraya na Miguu: Askari wa Magari katika Historia ya Vita, kutoka Ruvu hadi Lukaya

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, zinazopakana nyuma ya jiji la Dar es Salaam, zimekuwa kwa zaidi ya karne moja mlango wa majeshi yanayotoka bandarini kwenda bara, kwa kuwa Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, hupanda vilima vya Pugu pembezoni mwa Kisarawe kisha hushuka hadi bonde la mto Ruvu, huku Barabara ya Morogoro ikikatiza Kibaha na kuuvuka mto huohuo baada ya Mlandizi. Ukitoka nje ya njia hizo mbili wakati wa masika hukutana na mchanga mzito, mabonde yaliyofurika na udongo wa mfinyanzi unaonasa magurudumu, na ni hali hiyo ya ardhi inayoeleza kwa nini, katika Afrika Mashariki, kumpandisha askari wa miguu kwenye gari kumekuwa uamuzi wenye faida na hasara zinazofuatana bega kwa bega.

Kikosi cha askari wa miguu wa deraya ni kile ambacho kila seksheni yake, yaani kundi dogo la askari wapatao 8 hadi 10, ina gari lake lililofunikwa kwa mabamba ya chuma, ambalo huwafikisha karibu na adui wakiwa wamekingwa dhidi ya risasi na vipande vya makombora. Kikosi cha kawaida hupelekwa kwa malori, hushuka mbali na uwanja wa mapambano na kumalizia safari kwa miguu. Kwa kawaida seksheni tatu hufanya platuni, platuni tatu hufanya kombania, kombania tatu au nne hufanya kikosi, na vikosi kadhaa, pamoja na mizinga, wahandisi na vifaru, hufanya brigedi. Mpangilio huo hauna jambo geni kwa askari yeyote. Ugeni huanza pale gari linapodai watu wake, kwa sababu dereva na mpiga bunduki ya gari hubaki ndani wakati wenzao wanashuka, na hivyo kadiri gari linavyopewa silaha nyingi ndivyo idadi ya askari wanaoweza kuingia msituni, nyumbani au kwenye mahandaki inavyopungua.

Majeshi ya dunia yameujibu ugumu huo kwa njia mbili. Marekani, ilipoanza kutumia M113 mwaka 1960, ililichukulia gari kama chombo cha usafiri chenye kinga, ambacho hubeba askari 11 hadi ukingoni mwa mapambano kisha hurudi nyuma. Wasovieti, kwa BMP-1 iliyoonekana hadharani mwaka 1967, waliweka mzinga na kombora la kuharibia vifaru juu ya gari lenyewe ili lipigane bega kwa bega na askari wake, ambao idadi yao ilishuka hadi 8. Gari la magurudumu manane la OT-64, lililobuniwa na Czechoslovakia pamoja na Poland, lilikuwa la mkondo wa kwanza, kwani liliweza kubeba hadi askari 18, na Uganda ililinunua kwa ajili ya jeshi lake, ambalo baadaye liliivamia Tanzania chini ya mtawala Idi Amin.

Kabla ya kufika huko, inafaa kukumbuka kwamba mashine iliwahi kushindwa na ardhi katika ukanda huuhuu wa Pwani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, walikuta madaraja ya Reli ya Kati yamevunjwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma, na kwa kuwa vichwa vya treni havikuwapo, wahandisi wa Afrika Kusini walibadilisha magurudumu ya malori ili yatembee juu ya reli. Mbung'o walikuwa wamewamaliza farasi na ng'ombe, mvua ilizamisha magari, na mzigo ulibaki mabegani mwa wapagazi, ambao maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lililokwenda kwa miguu, halikukamatwa hadi vita vilipokwisha Ulaya.

Vita vya Kagera viliurudisha mjadala huo kwa ukali zaidi. Uganda ilipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 ilikuwa na vifaru, magari ya deraya na rejimenti maarufu ya Malire, iliyopangwa kama kikosi cha deraya na upelelezi, na katika siku za kwanza mwendo wa kasi ulilipa. Lakini tarehe 3 Novemba Waganda waliliharibu daraja la Kyaka, wakaufanya mto Kagera kuwa mpaka wao wa ulinzi, na kwa kufanya hivyo walikiri kwamba hawakukusudia kusonga mbele tena. Upande wa Tanzania, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza viongozi wa mikoa kukusanya rasilimali zote za vita, mabasi na malori ya raia yakachukuliwa, na jeshi lenye watu wasiofikia 40,000 likakua katika wiki chache hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Jeshi la namna hiyo lisingeweza kupewa gari kwa kila seksheni. Lilipangwa katika brigedi za askari wa miguu chini ya Divisheni ya 20, likasaidiwa na vifaru vichache na mizinga mingi, ambayo roketi zake Waganda walizipa jina la saba saba, na baada ya kuvuka mpaka likatembea.

Mapambano ya Lukaya ya tarehe 10 na 11 Machi 1979 yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo mbinu mbili zilikutana juu ya tuta moja la barabara. Kaskazini ya mji wa Masaka, ndani ya Uganda, barabara ya Kampala hupita katikati ya kinamasi kikubwa, na Meja Jenerali David Musuguri, aliyeamuru Divisheni ya 20, aliipeleka Brigedi ya 201 moja kwa moja juu ya barabara hiyo huku Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikizunguka kinamasi upande wa magharibi. Majeshi ya Amin na ya mshirika wake Libya yalikuja na vifaru 15 aina ya T-55, zaidi ya magari 12 ya deraya na mitambo ya roketi ya BM-21. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa bila kuua, lakini mshindo wake uliitawanya Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, na hapo safu hiyo ya deraya na roketi ilitimiza kazi inayoiweza kuliko nyingine yoyote, yaani kuvunja moyo wa askari asiyeizoea.

Kilichofuata ni funzo la upande wa pili. Badala ya kusonga mbele kuelekea Masaka, safu ile ilisimama Lukaya. Magari yasingeweza kutoka barabarani kwa sababu ya kinamasi, na kwa hiyo mstari mzima wa chuma uliweza kupigana kwa magari ya mbele tu, nyuma yake kukiwa na njia moja ya kurudi. Brigedi ya 208, iliyokuwa umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka usiku, ikaifikia barabara ya Kampala alfajiri na kushambulia kutoka nyuma wakati Brigedi ya 201, iliyokusanywa upya, ikirudi kwa mbele. Wapiganaji wapatao 400 wa upande wa Amin waliuawa, karibu nusu yao wakiwa Walibya.

Hata hivyo si haki kudai kwamba Lukaya ilithibitisha ubora wa miguu. Laiti askari wa kutosha wa Libya na Uganda wangeshuka usiku ule na kulinda pembe za kinamasi, Brigedi ya 208 isingefika bila kuonekana, na deraya isingeonekana mtego. Lililokosekana ni ule ushirikiano wa gari na askari aliyeshuka, ambao ndio kiini cha mpangilio wenyewe. Jeshi la Tanzania nalo lililipa bei ya kutembea. Kutoka kutekwa kwa mji wa mpakani wa Mutukula mwezi Januari hadi kutekwa kwa Kampala tarehe 11 Aprili ilipita miezi karibu mitatu, na adui aliyeshindwa, akiwa na magari, mara nyingi aliwahi kuondoka kabla hajazingirwa. Amin mwenyewe alitoroka, na maelfu ya askari wake wakapita West Nile hadi Sudan na Zaire kabla vita havijamalizika mpakani mwanzoni mwa Juni.

Gharama iliyobaki ilikuwa ya malori. Vita hivyo vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500, na Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliposema wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, fedha za kigeni za kununulia matairi, betri na vipuri zilikuwa zimekwisha tayari. Kikosi cha deraya hula mafuta hata kinaposimama, kwa kuwa injini huwashwa ili redio na mitambo ifanye kazi, na kila kombania huhitaji mafundi, gari la kuvuta mengine na ghala la vipuri linaloifuata. Ni katika hali hiyo, mwaka 1985, ambapo Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania kilianzishwa rasmi huko Nyumbu, Kibaha, chini ya wizara ya ulinzi, kikiwa na karakana za kuyeyushia na kuchongea vyuma, na lori lake likaitwa Nyumbu. Uamuzi wa kuanza na lori badala ya gari la deraya ulikuwa wa busara zaidi kuliko unavyosifiwa, maana nchi isiyoweza kuchonga gia haiwezi kudumisha kikosi cha deraya zaidi ya msimu mmoja wa vita. Lori la Nyumbu halikupata soko pana, kwa sababu malori yaliyoagizwa nje yaliuzwa kwa bei ambayo karakana ndogo haikuweza kuifikia, na kituo hicho baadaye kiligeukia pia zana za kilimo na magari ya zimamoto.