Bunduki Ambazo Machakos Haikuzihesabu

Mtajie Mnairobi jina la Machakos, na huenda akafikiria steji ya mabasi ya mashambani kabla hajaukumbuka mji wenyewe chini ya vilima vya Iveti, kilomita sitini na ushei kutoka jijini. Mtajie msomi wa Juba au Khartoum, atakutajia waraka. Tarehe 20 Julai 2002, msimu ambao Machakos huamkia ukungu na watu hawatoki bila sweta, Ghazi Salahuddin Atabani kwa niaba ya Serikali ya Sudan na Salva Kiir kwa niaba ya waasi wa Kusini, SPLM/A, walitia saini Itifaki ya Machakos. Mpatanishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za kanda, alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya.

Itifaki hiyo imezoeleka kusomwa kama mapatano juu ya mambo mawili: sharia ibaki Kaskazini, na Kusini ipewe haki ya kujiamulia. Mimi nadai kwamba ni mkataba wa udhibiti wa silaha pia, tena wa aina yake, kwa sababu ulijibu swali ambalo mikataba mingi ya silaha hulikwepa: anayeombwa aweke bunduki chini atapewa nini mkononi?

Kusini ilikuwa imeshaonja jibu baya. Chini ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972, waasi wa Kusini wa Anyanya waliingizwa katika jeshi la taifa. Kamandi ya Kusini ilipangiwa askari 12,000, nusu yao wakiwa Wakusini. Mapatano yalidumu miaka kumi na moja. Askari wa Bor walipoamriwa kuhamia Kaskazini mwaka 1983 waliasi, Rais Nimeiry akaivunja serikali ya jimbo la Kusini, na vita vikarudi. Funzo ambalo John Garang, kiongozi wa SPLM/A, na wenzake walilibeba kutoka hapo halikuwa la kinadharia. Waliokubali kumezwa katika jeshi la mwenzao hawakuwa na kitu cha kumshikia siku aliyogeuka.

Ndipo Machakos ikaja na kitu kipya: kalenda. Miezi sita ya maandalizi, miaka sita ya mpito, kisha kura ya maoni chini ya uangalizi wa kimataifa, Wakusini wachague umoja au kujitenga. Tarehe ilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na bunduki peke yake. Lakini bunduki haikuondolewa. Duru iliyofuata ilikuwa haijaenda mbali SPLA, jeshi la waasi hao, ilipouteka mji wa Torit, Septemba 2002. Khartoum ikasusia mazungumzo, na pande hizo zikakubaliana kusimamisha mapigano Oktoba. Mwaka uliofuata, Septemba 2003, mkataba wa usalama wa Naivasha uliweka wazi kilichokuwa kimejificha Machakos: Sudan moja, majeshi mawili, na vikosi vya pamoja vya askari 39,000 kama mkanda wa kuyafunga.

Wako wanaouona uamuzi huo kuwa udhaifu wa diplomasia. Naona wanakosea. Katika mahakama zetu, mshtakiwa akipewa dhamana, ndugu yake hupeleka hati ya shamba au ya gari. Kinachomrudisha mshtakiwa kizimbani ni kile kinachoweza kupotea, si maneno matamu. Hivyo ndivyo Wakusini walivyolielewa neno dhamana. Ukraine ililielewa kwa kuchelewa. Kufikia 1996 ilikuwa imesharudisha Urusi vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900, na mkononi ikabaki na Hati ya Budapest ya Desemba 1994. Marekani ilikuwa imekwepa kwa makusudi neno lenye uzito wa dhamana, likawekwa jepesi zaidi, la kutuliza roho tu. Mwaka 2014 Urusi ilichukua Krimea.

Nchi hiyohiyo, iliyotoa silaha zake kubwa kuliko zote, ilibaki na maghala ya silaha za kawaida za Kisovieti, na sehemu yake ilielea hadi kwetu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni vyake. Hati za shehena zilikuwa na herufi GOSS, ambazo yeyote aliyefuatilia siasa za Sudan alizisoma kama Serikali ya Sudan Kusini. Msemaji wa serikali aliyeshikilia kwamba vifaru ni vya Kenya, Alfred Mutua, ndiye aliyechaguliwa mwaka 2013 kuwa gavana wa kwanza wa Kaunti ya Machakos. Historia haina haya. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuka 2010 zilionyesha kwamba Washington ilijua mzigo ni wa Juba.

Kenya mpatanishi, basi, ilikuwa pia mchukuzi. Mkataba wa Amani wa 2005, uliohitimisha mazungumzo hayo, ulitaka silaha mpya ziingie kwa idhini ya Bodi ya Pamoja ya Ulinzi. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kenya na Sudan zote zilitia saini, inahusu silaha ndogo na nyepesi. Kifaru cha tani arubaini kinapita juu yake.

Hata hivyo, kalenda ilitimia. Kura ilipigwa Januari 2011, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga, na Khartoum ikaitambua nchi mpya. Kama kipimo ni hicho, hesabu ya Machakos ilikuwa sahihi.

Kosa liko kwingine. Dhamana yote ilielekezwa Kaskazini. Hapakuwa na tarehe wala bodi ya kumlinda Mkusini dhidi ya Mkusini mwenzake. Azimio la Juba la Januari 2006 liliingiza wanamgambo wa Paulino Matip ndani ya SPLA kwa vyeo na mishahara, kila kamanda akija na watu wake na utiifu wao kwake. Ni Addis Ababa tena, safari hii mmezaji akiwa Juba. Usiku wa 15 Desemba 2013 askari wa jeshi hilo walianza kupigana wao kwa wao mjini Juba.

Baraza la Usalama liliiwekea Sudan Kusini vikwazo vya silaha Julai 2018. Vilipoletwa kuongezewa muda, Mei 2021 na tena Mei 2022, Kenya ilikuwa na kiti barazani. Mara zote mbili ilijizuia kupiga kura. Wapo waliouona huo kuwa unafiki wa jirani mfanyabiashara. Mimi nauona kuwa uaminifu kwa fikra ya Machakos, kwamba dola isiyo na bunduki haina dhamana, fikra iliyosaidia kuizaa nchi na ambayo Nairobi bado haijaifungua upya ili iulize dhamana hiyo anapewa nani, dhidi ya nani.