Safari ya Perege: Historia ya Uboreshaji wa Vinasaba vya Samaki wa Kufugwa na Funzo Lake kwa Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uboreshaji wa vinasaba vya perege, samaki wa asili ya Afrika ambaye leo ni miongoni mwa samaki wanaofugwa kwa wingi zaidi duniani. Uchunguzi unaanzia kwenye majaribio ya uchotara yaliyofanyika Malacca mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuishia kwenye uhariri wa jeni wa karne hii. Hoja inayotetewa ni kwamba kila hatua ya uboreshaji ilitegemea utofauti wa samaki wa mwituni waliomo katika mito na maziwa ya Afrika, ilhali sera zimeshughulika zaidi na mbegu iliyoboreshwa kuliko chanzo chake. Kuku wanaletwa kwa ajili ya ulinganisho.

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu uhariri wa jeni katika mifugo huanza, mara nyingi, na mwaka 2012, pale mbinu ya CRISPR ilipotangazwa kuwa chombo cha kukata na kurekebisha DNA. Kwa mtunga sera wa Afrika Mashariki, kuanzia hapo ni kuanzia katikati ya habari. Maswali yanayoulizwa leo kuhusu samaki waliohaririwa, yaani nani mmiliki wa mbegu, nini kitatokea samaki akitoroka bwawani, na nani atafaidika, yote yalikwishaulizwa kabla ya CRISPR. Mengine yalijibiwa kwa vitendo, na gharama yake bado inalipwa.

2. Kutoka Zanzibar hadi Malacca

Tatizo la kwanza la mfugaji wa perege halikuwa ukuaji bali uzazi. Jike hupevuka angali mdogo, huzaa mara kwa mara, na baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki waliodumaa. Mtaalamu wa uvuvi wa Uingereza, C. F. Hickling, alilishughulikia tatizo hilo katika kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki kilichokuwa Malacca. Mwaka 1960 alichapisha matokeo ya kuwapandisha perege wa Msumbiji, waliokuwa wameenea Asia ya Kusini-Mashariki, na perege walioletwa kutoka Zanzibar. Pale dume alipokuwa wa Zanzibar na jike wa aina ile nyingine, watoto wote walikuwa madume.

Perege hao wa Zanzibar asili yao ilikuwa mto Wami, Tanganyika. Mwaka 1966 mwanazuolojia Ethelwynn Trewavas aliwapa jina lao la kisayansi, hornorum. Ugunduzi wa Malacca ulionyesha kwamba spishi za perege zinazokaribiana hazitumii utaratibu mmoja wa kuamua jinsia, na kwamba tofauti hiyo ina thamani ya kiuchumi. Ulionyesha pia sharti lake: wazazi lazima wawe safi wa nasaba. Koo zilipochanganyika mabwawani, majike yalianza kujitokeza tena miongoni mwa machotara. Kwa hiyo, usafi wa samaki wa mto mmoja wa Afrika Mashariki ulikuwa, tangu mwanzo, sehemu ya teknolojia yenyewe.

3. Funzo la Ziwa Victoria

Wakati Hickling akitafuta chotara, Ziwa Victoria lilikuwa likipitia mabadiliko ya namna nyingine. Nyavu za makila zilikuwa zimeingia ziwani tangu mwaka 1905, na uchunguzi wa Michael Graham wa miaka ya 1927 na 1928 ulikwishaonya juu ya kupungua kwa ngege, perege wa asili wa ziwa hilo. Katika miaka ya 1950 samaki wageni walipandikizwa kwa matumaini ya kufidia upungufu huo. Miongoni mwao walikuwamo sato, yaani perege wa mto Naili, na sangara.

Matokeo yanajulikana. Sato na sangara walikuja kuwa nguzo za uvuvi, naye ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Uvuvi wa kupita kiasi, kuliwa na sangara, kushindania chakula na mazalio, na kuchanganyika nasaba na sato ndizo sababu zinazotajwa. Masalia ya ngege yalibaki katika maziwa madogo ya pembeni, kama vile Kanyaboli nchini Kenya. Hakuna jeni iliyohaririwa hapo. Ni samaki wa kawaida tu, aliyehamishwa kwa nia njema kutoka maji yake hadi maji ya wengine. Ndiyo maana kipimo cha hatari ya samaki mgeni hakiwezi kuwa namna alivyotengenezwa peke yake. Uwezo wake wa kuishi, kuzaa na kuchanganyika na wenyeji ndio wenye uzito zaidi.

4. Mbegu ya GIFT

Hatua kubwa zaidi ilianza mwaka 1988 nchini Ufilipino. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa samaki, ICLARM, ambacho leo kinaitwa WorldFish, kilishirikiana na taasisi za Ufilipino na taasisi ya Norway, AKVAFORSK, iliyokuwa na uzoefu wa kuboresha samoni tangu miaka ya 1970. Mradi huo ulijulikana kwa kifupi kama GIFT. Mwaka 1988 na 1989 sato wa mwituni walikusanywa Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakalinganishwa na koo nne zilizokuwa zikifugwa Asia.

Ilikuwa imedhaniwa kwamba samaki waliokwisha kuzoea mabwawa ya Asia wangewashinda wale wa mwituni. Haikuwa hivyo. Isipokuwa wale wa Ghana, sato wa mwituni wa Afrika walikua sawa na wa Asia au kuwazidi. Sababu yake inaeleweka: koo za Asia zilitokana na wazazi wachache, zikazaana zenyewe kwa zenyewe, na nyingine zikachanganyika na perege wa Msumbiji. Watafiti waliziunganisha koo zote nane, kisha wakawa wanachagua wazazi kwa kuangalia ukuaji wa samaki mwenyewe na wa ndugu zake. Faida ilikadiriwa kuwa asilimia 12 hadi 17 kwa kila kizazi katika vizazi vitano vya mwanzo. Hakuna jeni iliyopandikizwa. Palikuwa na vipimo, kumbukumbu za nasaba na subira.

Hata hivyo, historia ya umiliki inastahili uzito sawa na historia ya ukuaji. Samaki wa Afrika walikusanywa kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992, na miongo miwili kabla ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu mgawanyo wa manufaa. Mwaka 1999 kampuni ya Norway, GenoMar, iliingia makubaliano ya kuendeleza sehemu ya mbegu hiyo kibiashara. Kampuni hiyo sasa imo ndani ya EW Group ya Ujerumani, ambayo pia ni mmiliki wa Aviagen, mmojawapo wa wazalishaji wakuu wa wazazi wa kuku wa nyama duniani. WorldFish iliendelea kuisambaza GIFT kwa serikali za nchi nyingi, hivyo mlango wa umma haukufungwa. Lakini nchi zilizotoa samaki wa mwanzo hazikuwa na haki yoyote iliyoandikwa juu ya kilichotokana nao.

5. Azimio la Nairobi na mbegu za nyumbani

Kwa miaka mingi WorldFish ilijizuia kuileta GIFT barani Afrika, kwa kuhofia kwamba ingechanganyika na sato wa mwituni na kuharibu hazina iliyoizaa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Nairobi walitoa azimio lililotaka tathmini ya hatari ifanywe kabla ya kuingiza samaki wageni au walioboreshwa, na maeneo yenye samaki wa asili yahifadhiwe.

Njia mbadala ilikuwa kuboresha samaki wa nyumbani kwa mbinu ileile. Misri ilipata mbegu ya Abbassa, na Ghana ikapata mbegu ya Akosombo kutokana na samaki wa mfumo wa mto Volta. Mfano wa Ghana una funzo la pekee. Samaki wa nchi hiyo ndio walioshika mkia katika majaribio ya Ufilipino. Walipochaguliwa katika maji yao wenyewe, wakawa msingi wa ufugaji wa taifa. Kufanya vibaya ugenini si hukumu ya mwisho.

Azimio halikuweza kuwazuia wafugaji waliotaka samaki wanaokua haraka. Baadaye sato wenye nasaba ya GIFT walibainika katika mashamba ya Ghana kabla ya kuidhinishwa. Nchini Tanzania, watafiti wamekuta sato na perege wengine wageni katika mabonde mengi ya mito, urithi wa miongo mingi ya kupandikiza samaki kwa makusudi. Katazo lisiloambatana na mbegu mbadala iliyo bora huishia kwenye karatasi.

6. Uhariri wa jeni

Mwaka 2014 ulileta mambo mawili kwa pamoja: jenomu ya sato ilichapishwa, na wanasayansi wa Chongqing, China, wakaripoti kuhariri jeni zake kwa CRISPR, zikiwemo zile za nanos zinazohitajika katika ukuaji wa seli za uzazi. Mwaka 2018 Argentina iliamua kwamba sato mmoja aliyehaririwa hakuwa kiumbe aliyebadilishwa vinasaba kwa maana ya sheria zake. Nigeria mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022 zilitoa miongozo inayopima bidhaa moja moja.

Utafiti wa jeni za uzazi unagusa moja kwa moja tatizo la Hickling. Samaki tasa hajazi bwawa kwa vifaranga, wala hachanganyiki na wa mwituni akitoroka. Lakini mfugaji hawezi kuzalisha mbegu kutoka kwa samaki tasa. Kila msimu atarudi kwa mwenye wazazi. Kinga ya mazingira inaweza hivyo kugeuka kuwa kufuli la biashara.

Kuku wanaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mfugaji wa kuku wa nyama hununua kifaranga cha siku moja ambacho mabibi na mababu zake wako mikononi mwa kampuni chache. Kuku wanaonyesha pia mipaka ya uhariri. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Taasisi ya Roslin, waliripoti kuku waliohaririwa jeni ya ANP32A ili kuzuia mafua ya ndege. Kati ya kuku 10 waliopewa kiwango cha kawaida cha virusi, 9 hawakuambukizwa. Kiwango kilipoongezwa mara 1,000, kuku 5 kati ya 10 waliambukizwa, na virusi vikaonyesha mabadiliko ya kuzoea. Badiliko moja halikutosha.

7. Hitimisho

Historia hii inaelekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, ramani ya perege wa asili katika mito na maziwa ya Afrika Mashariki, pamoja na maeneo yaliyokatazwa kupandikizwa samaki wageni, itangulie kibali chochote cha mbegu mpya. Maji hayatambui mipaka ya nchi, hivyo kibali cha nchi moja katika bonde la pamoja ni uamuzi wa majirani wote. Pili, taasisi za umma zigharimie uchaguzi wa mbegu za nyumbani kwa vizazi mfululizo, kwa kuwa hata uhariri huhitaji mbegu bora ya kuhaririwa. Tatu, mikataba ya kutoa samaki wa mwituni kwa utafiti itaje mapema haki juu ya vizazi vitakavyotokana nao. Perege wa Wami waliondoka bila mkataba wa namna hiyo, na sato wa Kenya vilevile. Waliobaki mitoni ndio mtaji ambao bado haujatolewa, na ukichanganyika hauwezi kutenganishwa tena.