Unahama Keja? Hivi Ndivyo Unafungua Meza ya Kazi Bila Kuiua

Mwisho wa mwezi mtaani unaujua. Mkokoteni uko kwa geti, godoro limefungwa kamba, na keateka amesimama kwa ngazi akingoja funguo. Kila mtu amepanga sufuria na nguo. Meza ndio hukumbukwa dakika ya mwisho, halafu mnasema, "Aah, tuibebe tu hivyo."

Mimi nilisema hivyo. Orofa ya nne, wasee wawili, meza nzima. Tulipofika kona ya ngazi ya pili, mguu ukagonga ukuta na ubao ukapasuka pale kwa skrubu. Wiki mbili nikachapa kazi lapi ikiwa juu ya ndoo. Kama unatafutia unga mtandaoni, meza ndiyo ofisi yako. Itunze.

1. Jua una meza gani

Ya MDF au chipbodi, zile zinakuja kwa boksi, hufunguka. Ya miguu ya chuma pia, na ndiyo rahisi zaidi. Lakini ya fundi wa jua kali, ile ya saiprasi yenye gundi na misumari, usiiguse kama huoni bolti wala skrubu. Ukiipiga nyundo utavunja viungo na haitarudi vile ilikuwa. Toa droo tu, ilaze ubavu, tanguliza miguu mlangoni kisha uizungushe mos mos.

Pia pima mlango na kona za ngazi kwanza. Kama inapita, usijisumbue kufungua.

2. Tafuta vifaa mapema

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10, na kile kichuma kilichopinda kama herufi L kilichokuja na meza. Kama kilipotea, duka la hadweya halikosi. Achana na drili. Kwa chipbodi, mkono unasikia skrubu ikikataa kabla shimo liharibike.

3. Piga picha

Toa droo na waya zote, kisha piga picha kila kiungo: mbele, nyuma, chini. Andika herufi kwa penseli pale mbao mbili zinakutana: A kwa A, B kwa B. Hii inachukua dakika tano na inakuokolea jioni nzima.

4. Ilaze kwa blanketi, anza na kilichofungwa mwisho

Igeuze mkiwa wawili, bila kuiburuta kwa miguu. Toa tray ya kibodi, kisha ubao wa nyuma, kisha miguu. Ubao wa nyuma ukitoka meza huanza kuyumba, kwa hivyo mmoja ashikilie.

Vile vidude vya duara kwa ubao usivitoe kama skrubu. Vizungushe kama nusu duara kinyume cha saa, viachilie, kisha vuta ubao ukiwa umenyooka. Ukikataa, usiulazimishe. Kuna kidude hukijazungusha mahali.

5. Skrubu zisipotee

Hapa ndipo wengi huchomeka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo chukua mkebe tupu wa Blue Band au chupa ya maji. Weka skrubu za kila sehemu kwa karatasi yake, andika zinatoka wapi, kisha ubebe huo mkebe kwa begi yako mwenyewe, usiuache kwa pikapu.

6. Safari na stoo

Kwa gari, simamisha mbao kwa ukingo, weka nguo au katoni katikati, funga kamba. Mvua ikinyesha, funika na turubai. Chipbodi ikinywa maji hufura, na ikishafura hairudi.

Kama unaiweka ushago au kwa stoo ya mtu, usiisimamishe miezi mingi, itapinda. Ilaze bapa juu ya vipande vya mbao, isiguse simiti, kwa sababu sakafu hupandisha unyevu.

7. Kuirudisha

Ingiza skrubu zote nusu kwanza. Kaza mwisho, meza ikiwa imesimama sawa. Ukikaza moja mapema, zingine hazitapata shimo. Na kama shimo limelegea, jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, acha usiku mzima, kata vinavyotokeza, kisha rudisha skrubu. Hivyo ndivyo nilifufua yangu, na stori hii nimeiandikia juu yake.

Kabla ya kumpa keateka funguo, rudi kwa hiyo keja tupu uangalie sakafu mara ya mwisho. Daima kuna skrubu moja imebaki kwa kona.