Mchanga wa Kwale na Kupasuliwa kwa Maji

Msomaji, ukivuka Likoni na kushika njia ya kusini, utaiacha Diani na hoteli zake upande wa kushoto. Na kabla ya kufika mbali ukikata kuelekea bara, utakuta vilima vya mchanga mwekundu. Mchanga ule una ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Wenyeji wa Nguluku na Maumba walihamishwa, na mwaka 2013 kampuni ya Base Titanium ikaanza kuchimba. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014. Na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Titani ya namna hiyo hutumiwa zaidi kutengenezea rangi nyeupe.

Lakini rutaili ina kisa kingine, nacho chaanzia mbali.

Mwaka 1800, huko London, William Nicholson na Anthony Carlisle walitumbukiza majini nyaya mbili za shaba ya manjano zilizopata umeme wa betri ya Volta. Kwenye waya mmoja vipovu vya haidrojeni vikapanda. Wa pili ukaliwa na kutu. Walipotia nyaya za platinamu, hewa zote mbili zikatoka, haidrojeni huku na oksijeni kule, na nyaya zikabaki salama. Ndipo gharama ilipoingia! Platinamu ni kichocheo kizuri mno: huirahisisha kazi pasipo yenyewe kumalizika, na umeme haupotei sana kuwa joto. Ila ni adimu.

Nikeli ilikuja kuwa mbadala. Ndani ya maji yenye magadi makali hujifunika ngozi nyembamba inayoilinda isiliwe. Kwa njia hiyo viwanda vya Rjukan nchini Norwe, tangu mwaka 1929, na Aswan nchini Misri, tangu 1960, vilitoa haidrojeni ya kutengenezea mbolea. Nikeli haiko mbali nasi. Ipo Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Bali katika mitambo ya asidi nikeli huyeyuka, na hapo wataalamu hurudi kwa platinamu na iridi, wakitafuta bado cha kuzibadili.

Basi rutaili? Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba kipande chake, kikimulikwa ndani ya maji, huyapasua kwa nguvu ya mwanga. Sisemi kipande kile kilitoka Kwale. Machimbo yetu hayakuwapo. Tena hapana budi niseme kweli yote: rutaili hupokea tu mwanga wa zambarau usioonekana, ambao ni sehemu ndogo ya nuru ya jua, na upande wa pili wa waya wao palikuwa na platinamu ile ile.

Huko Kwale, uchimbaji ulipokoma, swali la wenyeji halikuwa la haidrojeni. Waliuliza ardhi itarudi kwa nani.